Mama Milki na Ngitili ya Chuo

Hakuwa akisaini karatasi yoyote kabla ya kuigeuza. Ungempelekea ombi la koki tatu, limechapwa vizuri na lina mhuri, naye angeligeuza kwanza aone kama upande wa nyuma ni mweupe. Ukiwa mweupe, alikurudishia.

"Nusu ya karatasi hii haijafanya kazi," alisema. "Nenda kaimalizie."

Nilikuwa nakwenda kuandika ombi la pili nyuma ya lile la kwanza, halafu ofisi ya ununuzi inalikataa kwa kuwa haijui upande upi ndio ombi. Hivyo ndivyo koki tatu zilivyoweza kuchukua wiki tatu, zikivuja muda wote huo.

Alikuwa mkuu wa Idara ya Milki katika chuo kikuu chetu, kilicho nje ya mji wa Shinyanga, upande wa Samuye. Milki ni majengo, maji, umeme, taka, vyoo na miti. Kila kitu kinachokifanya chuo kikalike lakini hakifundishwi darasani. Kuanzia makamu mkuu wa chuo hadi wauza maandazi wa getini walimwita Mama Milki, na sikumbuki mtu aliyemwita kwa jina lake. Mimi nilikuwa fundi wake wa maji kwa miaka kumi na minne. Shule yangu iliishia darasa la saba. Mambo ya mabomba na udongo nimejifunza kwa vitabu vilivyotupwa na maktaba, na kwa kufukua.

Siku hizi chuoni wanamtaja kama mtakatifu wa mazingira. Wametundika picha yake ukumbini, kilemba cha kitenge, tabasamu. Miaka yote kumi na minne sikuwahi kuliona tabasamu hilo, nadhani mpiga picha alimwambia jambo. Nilimjua kama mtu mwenye kuchosha kuliko wote niliowahi kuwatii. Mara nyingi alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililochosha.

Chukua habari ya shimo. Kila mwaka chuo kilikuwa na siku ya kupanda miti, na kila mwaka alikuja mgeni rasmi mwenye suti, akapanda mti mbele ya jengo la utawala, akapigwa picha, akaondoka. Mbele ya jengo la utawala ni mbuga, ule udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi hadi mguu wa mbuzi unaweza kunasa. Mche wowote uliopandwa pale ulikatwa mizizi na nyufa kabla haujafikisha miezi minane. Mama Milki alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Basi alichofanya ni kulitunza shimo. Mche ukifa, aling'oa kijiti, akafunika shimo kwa bati, akasubiri mgeni rasmi wa mwaka unaofuata. Nimeshuhudia wageni rasmi watano wakipanda miti mitano katika shimo moja.

"Mama, kwa nini usiwaambie wahame?" nilimwuliza mwaka wa tatu. "Hatua sitini kutoka hapa udongo ni mzuri."

"Hatua sitini kutoka hapa jengo halionekani kwenye picha."

"Lakini mti utapona."

"Fundi, wewe umewahi kumsikia mgeni rasmi akipiga simu kuuliza hali ya mti wake?"

Sikuwahi. Ila sikuona kwa nini jibu hilo limzuie mkuu wa idara kusema ukweli ndani ya kikao, ambako alikaa miaka yote akisuka mkeka wa ukindu mapajani, akiitikia "naam, naam," kisha akatoka na kufanya alivyotaka. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake. Kikaoni hakubishana na mtu, na uamuzi wa kikao hakuutekeleza.

Jikoni nako hakunipa nafuu. Jiko la chuo lilikuwa likila magogo kama tanuri la matofali, na lori la kuni lilikuja kutoka Bukombe kila wiki. Akaamua tujenge majiko banifu yanayotumia maganda ya mpunga, ambayo viwanda vya kukoboa mpunga mjini vinayatupa kando ya barabara. Wazo zuri. Nilimchorea jiko, nikakokotoa upana wa mdomo, nikamwambia masufuria ya chuo ni makubwa kuliko yale ya kitabuni na tulipime kwanza moja. Akajenga sita kwa wiki mbili. Siku ya kwanza mpishi mkuu, mzee wa Kisumbwa mwenye mikono kama mipini ya mashoka, alisimama mbele ya sufuria la ugali, akaushika mwiko kwa mikono miwili, akausukuma. Sufuria likayumba juu ya mdomo mwembamba na kuinama.

"Mama," akasema bila kugeuka, "ugali wa watu mia nne hausongwi kwa kubembeleza. Hili jiko lako ni la kupikia mtoto uji."

"Wewe ndiye umezoea kupigana na chakula."

"Ugali ni vita, Mama. Usipoushinda, unabaki na mabuja ya unga."

Wapishi walicheka mpaka wakakaa chini. Ilibidi nivunje majiko yote sita na kuyajenga upya kwa vipimo nilivyompa mwanzo. Aliyaona, akayazunguka, akasema, "Sasa umeyapatia." Umeyapatia! Kana kwamba yale ya kwanza nilijenga mimi kwa akili yangu. Lakini lori la kuni likaacha kuja, na halijarudi mpaka leo. Hili lazima niliseme pia.

Na mtu huyuhuyu, Jumamosi moja, nilimkuta njiapanda ya Tinde na pikapu yake kuukuu inayotoa moshi mweusi, nyuma amepakia magunia mawili ya mkaa. Nilimwamkia. Aliitika marahaba bila aibu yoyote. Nikayatazama magunia. Naye akayatazama.

"Chuo ni cha umma," alisema. "Maharage yangu ni ya kwangu."

Kuhusu karatasi zake zilizogeuzwa, mwisho wake ulikuwa mbaya. Siku moja alichukua rundo la karatasi zilizoandikwa upande mmoja kutoka ofisi ya mitihani, akazitumia kubandika matangazo ya kuzima maji kwenye mabweni. Yalikuwa yamekaa ukutani saa nzima kabla mwanafunzi mmoja hajabandua tangazo kutazama nyuma, akakuta maswali manne ya mtihani wa takwimu wa wiki ile. Mtihani ukatungwa upya. Mwalimu wa takwimu hakumsalimia kwa mwaka mmoja. Mama Milki alisema tu, "Kumbe wanafunzi nao wanageuza karatasi. Vizuri."

Yote hayo niliyavumilia kwa sababu ya jambo moja, ambalo ndilo lililonifanya nibaki pale hata wakati kampuni moja ya kuchoronga miamba upande wa Bugarama iliponiita kwa mshahara mnono. Nalo ni ngitili.

Kwa asiyejua, Wasukuma huita ngitili eneo la majani na miti ambalo hufungwa mvua zinapoanza, mifugo isiingie, likafunguliwa kiangazi kikali wakati malisho yamekwisha kwingine. Halina uzio. Linalindwa na maneno, maana majirani wote wanajua linaanzia wapi na linaishia wapi, na anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati anaulizwa mbele ya watu. Chuo kilipopewa ardhi yake, juu kwenye mteremko kulikuwa na ngitili ya zamani ya kijiji, kama eka kumi na mbili. Kila mtu mwingine aliiona kama pori lililobaki. Mama Milki aliiacha iendelee kuwa ngitili. Masika aliifunga. Mwezi wa nane alituma neno kwa majirani, nao wakaleta ng'ombe wao kwa wiki sita, mchana, kwa zamu.

Unaweza kufikiri jinsi ng'ombe themanini wanavyopokewa kwenye chuo kikuu. Mkuu mmoja wa kitivo alisimama kikaoni akauliza kama anafundisha kwenye chuo au kwenye zizi. "Naam, naam," akasema Mama Milki, akasuka mkeka. Kesho yake ng'ombe wakaja kama kawaida.

Mimi nilielewa polepole maana ya eneo lile. Udongo wa kule juu ni luseni, wa kichanga, unaokunywa mvua. Majani yanaizuia isikimbie. Inazama, inateremka chini kwa chini miezi na miezi, inatokea kwenye kisima chetu cha bondeni, kile kinachohudumia jiko na mabweni maji ya bomba ya mjini yanapokatika. Nilipima kina cha kisima kila Jumatatu kwa kamba yenye mafundo, nikaandika kwenye daftari. Miaka yote hiyo, hata ile ya ukame, hakikukauka. Ngitili ikiondoka, kisima kinaondoka, na chuo cha watu wote wale kitakunywa maji ya lori la boza. Sikuhitaji shahada kulijua hilo.

Mara moja alikuja mfanyabiashara wa magogo. Wachimbaji wadogo wanaposhusha duara, yaani shimo la dhahabu, huzuia kuta zake kwa magogo wanayoyaita matimba, na matimba yanatafutwa kuliko chakula. Yule bwana alifika na miwani ya jua na pikipiki mpya, akasimama mbele ya ofisi.

"Shikamoo, Mama. Ile miti yako kule juu imekaa bure. Mimi nakata, nasafisha, nakuachia eneo jeupe. Hutagharimika."

"Marahaba, baba. Duara lako lina urefu gani?"

"Tuko futi tisini."

"Na matimba yako yakioza?"

"Tunabadilisha."

"Ukibadilisha, mliomo ndani mnatoka kwanza?"

"Wanatoka, Mama. Lazima watoke!"

"Basi chuo kizima kiko ndani ya duara langu," akamwambia. "Watoe kwanza, halafu uje ukate."

Yule bwana alicheka, akavua miwani, akaomba maji ya kunywa. Nilimletea ya kisimani. Hakurudi tena.

Sasa nifike kwenye ugomvi wetu. Ngitili ile haikuwa kwenye ramani yoyote. Wala mabomba yetu hayakuwa kwenye ramani. Bomba lililozikwa kabla sijaajiriwa, chemba iliyofunikwa na lami, mpaka wa luseni na mbuga, vyote vilikuwa kichwani mwake. Bomba lilipopasuka alikuja na nondo, akaichomeka ardhini, akaweka sikio juu yake, akasema, "Chimba hapa." Mara tisa kati ya kumi maji yalikuwa pale. Ile mara ya kumi tulichimba mtaro wa siku mbili bure.

Nilimwomba tuchore. Nilimwomba kwa upole, kwa maandishi, pande zote mbili za karatasi. Nilimwambia, Mama, chuo hiki ni taasisi. Kijijini neno la mtu linatosha kwa sababu watu ni walewale na watoto wao. Hapa makamu mkuu anakaa miaka mitano anakwenda. Asiyekukuta atajuaje?

"Nikichora nitakuwa nimepima," alisema, akiniita kwa jina la mwanangu kama alivyofanya akitaka kunituliza. "Eneo likishapimwa linaitwa kiwanja. Na kiwanja, Baba Neema, hakijawahi kukosa mtu wa kukitaka."

"Na eneo lisilochorwa linaitwa tupu."

"Acha liitwe tupu. Tupu haigombaniwi."

"Kwa hiyo ukistaafu?"

"Utakuwepo wewe."

Aliongea kama vile mimi ni kabati. Nilikasirika kiasi kwamba Jumapili zilizofuata nilianza kuchora mwenyewe, kwa siri. Nilitumia mpira mwembamba wa maji kupata usawa wa ardhi, hatua zangu kupata umbali, na shimo la mkono kila hatua hamsini kuona udongo. Ilinichukua miaka miwili. Ilikuwa kazi nzuri, na sioni haya kusema hivyo.

Alistaafu akarudi kwao Runzewe. Alituaga kwa kugawa mikeka yake. Mwaka uliofuata alikuja Mkurugenzi wa Mipango, kijana bado, daktari wa falsafa, mtu mwenye adabu anayesikiliza. Akaunda kamati ya uendelevu. Mpango kabambe mpya wa chuo ungezingatia maji, nishati, taka, udongo na miti, na kila idara ingetoa ilichonacho. Nilikuwa nimesubiri mtu wa namna ile maisha yangu yote. Niliingia kikaoni na ramani yangu imekunjwa ndani ya bomba la plastiki, nikaitandika mezani. Walisimama kuiangalia. Profesa mmoja wa jiografia aliuliza nimesoma wapi. Nikapewa cheti cha shukrani chenye fremu.

Niliyoyafanya katika ramani ile lazima niyaeleze kwa usahihi. Nilikuwa nimeonyesha kila bomba na kila chemba. Nilikuwa nimetenganisha udongo kwa rangi: mbuga kahawia, luseni njano. Kule juu kwenye mteremko niliandika "miti na nyasi". Sikuandika "ngitili". Nilifikiri neno hilo ni la kijijini, na kwamba ramani ya kitaalamu haibebi desturi za watu. Pembeni, chini, nikaandika jina langu kwa herufi kubwa.

Miezi mitano baadaye Mkurugenzi aliniita kunionyesha mchoro wa hosteli mpya. Jengo la kijani, aliliita hivyo. Madirisha makubwa ya kupitisha upepo, taa za jua, vyoo visivyotumia maji mengi. Nilikuwa naitikia kwa kichwa mpaka nilipoona lilikowekwa.

"Daktari, hapo hapana. Hapo ni ngitili."

"Ni nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka, nikichanganya ng'ombe na kisima.

"Fundi, ramani yako ndiyo iliyotuongoza," alisema, na alikuwa anasema kwa nia njema. "Kila eneo kubwa lingine ni mbuga, jengo litapasuka. Umetuokolea uchunguzi wote wa udongo. Hapa umeandika mwenyewe: luseni. Miti na nyasi. Tutapanda mingine, mara mbili ya itakayokatwa."

"Mtaipanda wapi?"

Akatazama ramani. "Mbele ya utawala pana nafasi."

Nilipeleka daftari langu la kisima. Likapokelewa, likagongwa mhuri, likawekwa kwenye jalada. Miti ikaanza kukatwa mwezi wa tano, nusu ya juu ya ngitili. Nusu ya chini ikaachwa kwa ajili ya jengo la pili fedha zikipatikana. Wazee wawili wa kijijini walikuja getini na fimbo zao, wakauliza Mama yuko wapi. Mlinzi akawaambia amestaafu. "Basi mwenye neno ni nani?" wakauliza. Mlinzi hakujua. Mimi nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka pale, nikaingia stoo.

Kiangazi cha pili baada ya hosteli kufunguliwa, kamba yangu ilitoka kisimani ikiwa na tope kwenye fundo la mwisho. Boza likaanza kuja, mara mbili kwa siku, likichimba barabara yetu kwa magurudumu. Kwenye ripoti ya kamati ya uendelevu liliandikwa kama "hatua ya muda".

Runzewe si mbali. Unapanda basi asubuhi, unafika mchana. Sikwenda. Nilijiambia nina kazi.

Alikuja mwenyewe, mahafali ya mwaka jana, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Mjukuu wake alikuwa anahitimu ualimu. Nilimwona kwenye viti vya wazazi chini ya turubai, amenenepa kidogo, goti moja limefungwa bandeji, shingoni taji la maua ya plastiki alilopaswa kumvisha mjukuu. Nilizungukia nyuma nisionwe. Aliniita kwa sauti iliyofunika ya mshereheshaji.

"Baba Neema! Unatembea kama mwizi wa koki."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nishike mkono, nikaone."

Hakusema akaone nini. Tulipanda mteremko taratibu, mjukuu nyuma yetu akiwa ameinua joho lisiguse vumbi. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa ziwa, na hewa ilikuwa nzito ya mvua. Tulipofika kwenye kona ya hosteli alisimama. Alitazama jengo lote, ghorofa tatu, kisha nusu ya ngitili iliyobaki chini yake, majani yamekauka, miti imekaa kama watu waliochelewa basi.

Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miaka miwili. Nikayatoa yote kwa mpigo. "Mama, ni ramani yangu. Nilichora. Udongo nikauonyesha, ngitili sikuiandika. Walichagua hapa kwa sababu yangu."

"Najua. Walinitumia picha yake kwenye simu, wakitaka niwape maneno ya pongezi." Akapumua. "Umechora vizuri. Hata ile chemba ya chini ya lami umeipata. Mimi nilikuwa nimeshaisahau."

Ningependa anitukane. Nilimwambia hivyo.

"Nikutukane nipate nini? Ningechora mimi na kuandika hilo neno moja, wangeuliza maana yake kabla ya kukata. Nilikuachia uwe karatasi yangu. Mtu si karatasi." Alisema hayo haraka, kwa kero, kama anayetema ganda. Halafu akainua kidole. "Maji ya paa hili yanakwenda wapi?"

"Kwenye gata, yanashuka kwenye mfereji wa saruji, yanatoka barabarani."

"Yote?"

"Yote."

"Paa kubwa kuliko mapaa yote ya chuo. Na pale chini kuna nusu ngitili inakufa kiu, na chini yake kisima." Alinigeukia. "Na wewe, fundi wa maji, umeliangalia hili masika mangapi?"

"Mawili. Mama, jengo bado liko kwenye muda wa uangalizi wa mkandarasi. Huwezi kutoboa mfereji. Kuna fomu. Inapitia Mipango, inakwenda kwa mshauri, inarudi—"

"Ijaze. Leta jembe."

Nilimweleza tena, kwa mpangilio. Nilimtajia goti lake, nguo zake, mgeni rasmi aliyekuwa jukwaani, ajira yangu iliyobakiza miaka sita. Alikuwa ameshavua viatu. Taji la maua ya plastiki alimvisha mjukuu palepale, bila sherehe yoyote, akampa na mkoba.

"Bibi, jamani, picha hatujapiga!"

"Piga hapahapa. Mwanga upo."

Nikaenda stoo kuchukua majembe mawili na nyundo. Njiani nilikuwa nikimsema kwa sauti, na sijali nani alinisikia. Niliporudi alikuwa amechora mstari kwa kisigino kutoka kwenye mfereji kuelekea kushoto.

"Anzia hapa."

"Hapa hapafai."

"Ardhi hii naijua tangu hujamzaa Neema."

"Uliijua kabla mkandarasi hajajaza kifusi. Sasa inalala kulia, kiganja kimoja kwa kila hatua kumi. Ukichimba kushoto maji yatarudi kwenye msingi wa jengo. Nimepima, Mama. Nimepima!"

Nadhani nilipiga kelele. Wanafunzi kwenye ghorofa ya kwanza walitoa vichwa madirishani. Mama Milki alitazama mstari wake, akatazama kulia, akarudi nyuma hatua mbili na kuniachia nafasi.

"Basi chimba unapojua wewe. Lakini chimba."

Nilivunja ukingo wa mfereji kwa nyundo, nikashika jembe. Yeye alivuta udongo kwa lile jingine, akiinama upande mmoja kwa ajili ya goti, akilalamika kwamba nachimba mtaro mwembamba. Nilimwambia kipimo chake ni hicho. Alisema kipimo ni cha karatasi, mvua ya Shinyanga haijasoma. Tulikuwa tumefika kama hatua kumi na tano, karibu na mti wa kwanza, matone ya mwanzo yakipiga mabati kama punje za mahindi, Mkurugenzi wa Mipango alipotokea kwenye kona na joho lake jekundu, mwavuli mkononi, wazazi kadhaa nyuma yake.

Aliutazama mfereji uliovunjwa. Akamtazama yule mama mtu mzima aliye pekupeku kwenye udongo, ambaye alimjua kwa picha ya ukumbini tu.

"Nani ameruhusu kazi hii?" akauliza.

Mama Milki aliegemea jembe, akafuta jasho kwa ncha ya kitenge, akanitazama mimi. Miaka kumi na minne ya "naam, naam", na siku hiyo moja ambayo ningeishukuru naam yake, akanyamaza.

Maji yalikuwa yameanza kushuka kwenye gata.

"Mimi," nikasema, nikaendelea kuchimba.